Kompyuta ya kwanza ya magemu kwa pesa kidogo: kipi ununue kipya, kipi ununue cha mtumba

Mwenye pesa nyingi anaweza kuchagua vipuri hovyo na bado akapata mashine inayocheza gemu lolote. Mwenye bajeti ya kubana hana nafasi hiyo. Akiteleza kwenye kipuri kimoja, vingine vyote vinabaki vikimsubiri hicho.

Nianze na msimamo wangu, maana mwongozo wote umesimama juu yake. Vipuri vya kompyuta ni vya aina mbili. Kuna vinavyokaa: pawa saplai (kifaa cha kugawa umeme), kasha, SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia), na mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipuri vyote) ukiichagua kwa akili. Hivi utaendelea navyo miaka hata ukibadilisha vingine vyote. Halafu kuna vinavyopita: kadi ya michoro (inayochora picha za gemu) na prosesa (ubongo wa kompyuta), ambavyo utaviuza na kununua vingine pesa ikipatikana. Vinavyokaa vinunue vipya, kwa utulivu. Vinavyopita nunua vya mtumba, wala usione haya. Watu wengi hufanya kinyume chake: wanajikamua wapate kadi mpya inayong'aa taa, kisha wanaiwasha kwa pawa saplai isiyo na jina.

Hatua ya 1: Andika magemu, kisha tazama skrini

Kabla ya kuulizia bei ya chochote, andika magemu matano utakayocheza kweli, siyo yale unayopenda kutazama wengine wakicheza. Orodha hiyo itakuamulia mengi. Valorant, Counter-Strike 2, League of Legends na Dota 2 hutegemea prosesa zaidi, na kadi ya wastani huyamudu bila kutoka jasho. Cyberpunk 2077 na Red Dead Redemption 2 ni habari nyingine. Hayo huikamua kadi. Baldur's Gate 3 linataka nafasi ya 150GB, tena iwe ya SSD. Na yapo magemu mapya yanayozikataa kadi za zamani moja kwa moja: Indiana Jones and the Great Circle, lililotoka Desemba 2024, linadai kadi iliyotengenezwa na uwezo wa ray tracing (kukokotoa jinsi mwanga unavyosafiri) ndani yake, kwa hiyo hata GTX 1080 Ti iliyotamba mwaka 2017 inaachwa nje.

Tazama pia gemu linakubali mfumo gani. Valorant kwenye Windows 11 linataka TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta, viwe vimewashwa. Ukipanga kukwepa gharama ya Windows kwa kutumia Linux, magemu mengi ya Steam (duka la magemu mtandaoni) yatacheza vizuri kupitia Proton, programu inayoendesha magemu ya Windows ndani ya Linux, lakini Valorant na Fortnite hayatakubali.

Halafu skrini. Picha ya 1080p ina pikseli (vinukta vya picha) zipatazo milioni 2, ya 1440p ina milioni 3.7, na ya 4K ina milioni 8.3. Kadi inazichora zote, kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu. Kwa bajeti ndogo jibu ni 1080p, na hutakuwa peke yako: takwimu za Steam zinaonyesha kwamba ndiyo inayotumiwa na wachezaji wengi kuliko nyingine yoyote. Kama nyumbani kuna televisheni, anza nayo. Iwekee tu hali ya gemu kwenye setingi zake, kwa sababu bila hiyo televisheni nyingi huchelewesha picha na utahisi mausi ni nzito. Monita ya 144Hz, inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ni tamu, ila haikusaidii kitu kompyuta ikiwa inatoa fremu 50 kwa sekunde.

Hatua ya 2: Gawa pesa kwenye karatasi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kaa chini na ugawe pesa ya vipuri vyote pamoja na kasha katika mafungu kumi. Mafungu manne yaende kwenye kadi, fungu moja na nusu kwenye prosesa, fungu moja kwenye mazabodi. Matatu na nusu yaliyobaki yatagawanywa kati ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), SSD, pawa saplai na kasha. Huo ni mgawo wangu wa kuanzia. Mchezaji wa Counter-Strike anaweza kuhamisha nusu fungu kutoka kwenye kadi kwenda kwenye prosesa.

Pembeni andika vitu ambavyo watu husahau hadi siku ya kuwasha: skrini, kibodi, mausi, leseni ya Windows, na kifaa cha Wi-Fi, maana mazabodi nyingi za bei ya chini hazina Wi-Fi. Ukishapata orodha ya kwanza, ipitishe kwenye tovuti ya PCPartPicker. Itakuonya kama prosesa haiingii kwenye soketi (sehemu yake kwenye mazabodi) au kadi ni ndefu kuliko kasha. Haikuonyi kuhusu ubora, hiyo ni kazi yako.

Hatua ya 3: Kadi ya michoro

Hapa ndipo pesa nyingi inapokwenda, na hapa ndipo majina yanapodanganya zaidi.

Lenga kadi yenye VRAM ya 8GB, yaani kumbukumbu ya kadi yenyewe. Kadi ya 4GB bado inacheza magemu ya mashindano, lakini kwenye magemu mapya makubwa VRAM hujaa, picha zinaanza kufifia au gemu linaganda nusu sekunde kila ukigeuka. Kwangu mimi chaguo la mtumba la kuanzia ni Radeon RX 6600. Ilitoka 2021, ina 8GB, inakula umeme wa 132W tu, na inahitaji waya mmoja wa pini 8. Ukipata RTX 3060 ya 12GB kwa tofauti ndogo, chukua hiyo, kwa sababu inakupa na DLSS, mbinu ya NVIDIA ya kuongeza fremu. RX 580 ya 8GB ni mzee wa 2017 anayekula 185W. Ichukue tu ikiwa bei yake ni ya chini kabisa na magemu yako ni ya zamani. Intel Arc B580 ina 12GB na nguvu ya kutosha, ila inahitaji mazabodi yenye Resizable BAR, uwezo unaoiruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa mpigo. Usiipachike kwenye mashine ya zamani.

Sasa majina. GTX 1060 ya 3GB na ya 6GB hazitofautiani kwa VRAM peke yake. Ile ya 3GB imepunguzwa pia kori (vitengo vya kukokotoa), kutoka 1280 hadi 1152. RX 580 ziko za kori 2304, na ziko zinazoitwa RX 580 2048SP, ambazo namba yenyewe inasema zimepungukiwa. GT 1030 yenye kumbukumbu ya GDDR5 hupitisha data 48GB kwa sekunde, ya DDR4 hupitisha chini ya 17GB. Boksi ni karibu lilelile. RX 6500 XT inatumia njia nne tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi), hivyo ikiwekwa kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 hupoteza nguvu nyingi, na haiwezi kurekodi video kwa chipu yake. Muuzaji akikuambia "ni 1060 hiyo, kaka", muulize ya ngapi.

Ukienda kukagua kadi ya mtumba, omba iwashwe mbele yako. Isiyowashwa usiinunue. Anza kwa macho ikiwa bado mkononi: skrubu za nyuma zenye vichwa vilivyochubuka zinamaanisha imewahi kufunguliwa, na hilo si kosa, lakini uliza kwa nini. Zungusha kila feni kwa kidole. Iende laini, isiyumbe wala kukwaruza. Tazama pini za dhahabu chini yake kama kuna alama ya kuungua. Inuse. Harufu ya plastiki iliyoungua karibu na soketi ya umeme haifichiki.

Ikiwaka, fungua GPU-Z. Programu hii ndogo ya bure husoma chipu halisi, na kadi iliyobandikwa jina la uongo kwenye BIOS yake (programu ya msingi iliyomo ndani) mara nyingi huonyeshwa neno FAKE kabla ya jina. Linganisha idadi ya kori na ile ya mtengenezaji. Kisha endesha FurMark, programu inayoibebesha kadi mzigo mzito, dakika kumi na tano huku ukitazama joto. Likipanda hadi nyuzi 75 au 80 za Selsiasi na kutulia hapo, sawa. Likiendelea kupanda bila kusimama, au feni zikipiga kelele huku kasi ya chipu ikishuka, inahitaji angalau kusafishwa na kupakwa pesti mpya ya kupitisha joto. Vinukta vya rangi, mistari, au skrini kuzima sekunde mbili na kurudi: mrudishie muuzaji kadi yake, muage kwa heshima.

Kadi iliyochimba sarafu za kidijitali si lazima iwe mbovu. Joto la kudumu bila kupanda na kushuka huitesa chipu kidogo kuliko watu wanavyodhani; kinachochoka ni feni na vipande vya kupitisha joto. Ikifaulu jaribio na bei ikawa inaonyesha umri wake, ninaichukua.

Hatua ya 4: Prosesa na mazabodi, kwa pamoja

Usichague prosesa peke yake. Unachagua soketi, na soketi ndiyo inayosema utapanda hadi wapi baadaye.

AM4 ya AMD ndiyo soketi ya mwenye pesa kidogo. Ni ya zamani, RAM yake ni DDR4, na soko la mtumba limejaa. Ryzen 5 5600 ina kori 6 na nyuzi 12 (kazi 12 kwa wakati mmoja), na kwa 1080p na kadi ya daraja la RX 6600 haitakuwa kikwazo. Dada yake, 5500, inafanana kwa karatasi lakini kashe yake ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ni 16MB badala ya 32MB na inaishia PCIe 3.0, tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua 5600. Kwa upande wa Intel, Core i3-12100F ya 2022 ina kori 4 tu, lakini kori zake ni kali, na inakaa kwenye soketi ya LGA1700 ambayo baadaye itapokea i5 au i7 ya mtumba.

AM5 ni mpya, inataka DDR5 tu, na AMD imeahidi kuihudumia hadi 2027 na zaidi. Ukiimudu bila kunyang'anya pesa ya kadi, vizuri. Ukilazimika kushuka daraja la kadi ili uingie AM5, baki AM4.

Herufi za mwisho zisome kwa makini. F ya Intel maana yake prosesa haina michoro ya ndani: bila kadi, skrini itakuwa nyeusi. G ya AMD, kama 5600G, maana yake ina michoro ya ndani ya kuchezea magemu mepesi. Kwa mtu ambaye pesa ya kadi haijatimia, 5600G ni njia halali: unaanza na Rocket League na Valorant kwa setingi za chini, kadi inafuata baadaye.

Kuhusu mazabodi sina mengi. Kwa AM4 tafuta bodi ya aina ya B550, au B450 kama bei inabana. Kwa LGA1700, H610 inatosha i3, lakini kwa kawaida ina sloti mbili tu za RAM. B660 au B760 ina pumzi zaidi. LGA1700 ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine, kwa hiyo soma jina hadi mwisho. Ukinunua B450 ya zamani, muulize muuzaji kama BIOS ya bodi imesasishwa kupokea Ryzen 5000, la sivyo utahitaji kuazima prosesa ya zamani ili kuiwasha. Na uhakikishe prosesa ya mtumba inakuja na hitsinki yake (kipoza joto). Zikiwa mpya kwenye boksi, 5600 na i3-12100F zote huja nayo, na inatosha.

Hatua ya 5: RAM na SSD

RAM: 16GB, vijiti viwili vya 8GB. Siyo kimoja cha 16. Vijiti viwili hufungua njia mbili za kupitishia data, na kwa prosesa ya G, ambayo michoro yake huazima RAM ya kawaida, tofauti inaonekana kwa macho. DDR4 ya kasi ya 3200 inatosha kabisa. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda sana kwa sababu viwanda vilielekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili unde, kwa hiyo RAM ni kipuri kingine cha kutafuta mtumba. Haichakai kirahisi, na programu ya MemTest86 itakuambia ukweli wake kabla hujalipa, muuzaji akiwa na subira.

SSD: mpya, NVMe (aina ya kasi zaidi), 1TB ukiweza, 500GB ukishindwa. Angalia kwamba sloti ya M.2 (tundu la SSD) ya mazabodi yako inapokea NVMe, kwani zipo SSD za M.2 za SATA, aina ya polepole zaidi, zenye umbo karibu lilelile. Diski ya zamani ya kuzunguka (HDD) itumie kuhifadhia sinema, siyo kuwashia Windows.

Hatua ya 6: Pawa saplai, usikimbilie rahisi

Mashine ya 5600 na RX 6600 ikiwa inacheza gemu hula takribani 250W. Kwa hiyo hutafuti ukubwa, unatafuta ukweli. Pawa saplai ya 550W kutoka kampuni inayotoa waranti ya miaka mitano au zaidi itakuhudumia mashine hii na inayofuata.

Geuza kifaa usome lebo yake ubavuni. Tafuta mstari wa 12V, maana kadi na prosesa hula huko. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Kifaa kinachojiita 500W lakini mstari wake wa 12V ni ampea 25 kinakupa 300W tu. Zilizobaki zimewekwa kwenye mistari ambayo kompyuta ya leo haiigusi sana. Cha 550W chenye heshima kitakuwa na ampea 45 hivi. Nembo ya 80 Plus hupima umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haikwambii kama kinga za ndani zipo na zinafanya kazi.

Pawa saplai mbovu ikifa, mara nyingi haifi peke yake, ndiyo sababu hiki ndicho kipuri pekee ninachokataa kukinunua cha mtumba kwa mtu nisiyemjua.

Waya: soketi ya pini 8 ya kadi hupitisha hadi 150W, ya pini 6 hadi 75W, na sloti ya mazabodi yenyewe 75W. Waya wa prosesa nao una pini 8 lakini si sawa na wa kadi. Wa prosesa hugawanyika nne kwa nne, wa kadi sita na mbili. Ukiona unatumia nguvu kuingiza, umekosea waya. Na kama waya za pawa saplai yako zinachomoka, usichanganye kamwe na za modeli nyingine hata kama zinaingia, kwa sababu mpangilio wa umeme kwenye pini hutofautiana.

Kasha nalo si la kuumizia kichwa. Mbele pawe na wavu, siyo kioo kizima, na feni mbili: ya mbele ivute hewa, ya nyuma iitoe. Pima urefu wa kadi. Taa ziache.

Njia ya mkato: kompyuta ya ofisi

Wengine hununua Dell OptiPlex, HP au Lenovo iliyostaafishwa ofisini na kuipachika kadi. Inawezekana, na kwa bajeti ya chini kabisa ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Chukua ile ya mnara mkubwa, siyo nyembamba. Iwe na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haizikubali rasmi za chini ya hapo.

Pawa saplai za mashine hizi mara nyingi hazina waya wa kadi, na plagi zake si za kawaida, hivyo kuibadilisha ni shughuli. Kwa hiyo unatafuta kadi inayojitosheleza kwa 75W za sloti: GTX 1650 isiyo na soketi ya umeme, au RTX 3050 ya 6GB inayokula 70W. Kwa msimamo wangu wa mwanzo, njia hii ina kasoro moja: karibu hakuna kinachokaa. Bodi, kasha na pawa saplai vitabaki humohumo. Utahama na SSD, pengine na RAM na kadi.

Hatua ya 7: Siku ya kuwasha

Vijiti vya RAM viingie sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kama bodi ina nne. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, siyo kwenye bodi. Hili hukamata watu wengi kuliko hitilafu yoyote ya kweli. Ingia BIOS uwashe XMP, setingi ya kasi ya RAM ambayo bodi nyingine huiita DOCP au EXPO, la sivyo RAM uliyoinunua ya kasi ya 3200 itatembea kwa 2133 au 2400. Sakinisha draiva (programu ya kuendeshea kadi) kutoka tovuti ya AMD, NVIDIA au Intel yenyewe. Kama skrini yako ni ya zaidi ya 60Hz, nenda setingi za Windows uichague, kwa sababu haijichagui daima.

Cheza wiki chache huku programu ya MSI Afterburner ikionyesha namba za kadi na prosesa pembeni. Kadi ikiwa inafanya kazi asilimia 95 na zaidi wakati fremu zinakukera, shusha kwanza vivuli na uwashe FSR, mbinu ya AMD inayofanana na DLSS. Isipotosha, pesa ijayo ni ya kadi. Kadi ikiwa imelala asilimia 60 na gemu bado linakwama, kikwazo ni prosesa, au ni RAM: fungua Task Manager uone kama 16GB zimejaa kabla hujaanza kutafuta mnunuzi wa prosesa yako.